Muuguzi Asiye na Sare: Jamaa wa Mgonjwa katika Historia ya Hospitali za Kampala

Kitenzi ugua na kitenzi uguza vimetoka katika mzizi mmoja, na mwanafunzi yeyote wa mofolojia anaweza kuonyesha kiambishi kilichoongezwa. Kinachosumbua ni maana. Kwa kawaida kauli hii humaanisha kumfanya mtu atende jambo: anayekimbiza huwafanya wengine wakimbie, anayelaza huwafanya wengine walale. Lakini anayeuguza hamfanyi mtu augue. Humlisha, humwogesha, humgeuza kitandani na kukesha naye. Kiswahili kina neno jingine la ukoo huo huo, uguliwa, ambalo humhusu mtu asiye mgonjwa. Tukisema kwamba Fulani ameuguliwa na mama yake, mgonjwa ni mama, lakini ugonjwa umemfika Fulani pia. Kabla ya kuwapo hospitali, aliyeuguliwa ndiye aliyeuguza.

Siku hizi neno muuguzi limehamia kwa mtu mwenye sare, cheti na zamu. Sina ubishi na matumizi hayo. Kazi ya wauguzi waliosomea ni kubwa na inastahili jina. Hoja ya insha hii ni kwamba jina limehama lakini sehemu kubwa ya kazi haikuhama. Katika hospitali za Kampala, tangu ya kwanza ilipofunguliwa hadi leo, jamaa wa mgonjwa ndiye aliyelisha, aliyefua, aliyechota maji na aliyekesha. Waganda humwita omujjanjabi, na wakiwa wengi abajjanjabi. Hospitali zetu zilijengwa juu ya kazi yake, ila historia zake zimeandikwa kwa majina ya waanzilishi na madaktari.

Ninasoma Kansanga, kando ya Barabara ya Ggaba. Ukiteremka barabara hiyo kuelekea mjini na kupita Kabalagala, unafika Nsambya, na kilima cha pili yake ni Kibuli. Mbele zaidi ziko Mengo, Rubaga na Mulago. Karibu kila kilima maarufu cha mji huu kina hospitali, na karibu kila hospitali ina picha ya mwanzilishi ukutani. Nimetumia historia hizo zinazojulikana, pamoja na niliyoyaona kwa siku 11 nilipomuuguza shangazi yangu katika hospitali moja kubwa ya mji huu, ambayo haina haja ya kutajwa.

Tuanze Mengo. Daktari Albert Cook wa shirika la kimisionari la CMS alifika Buganda Februari 1897, baada ya msafara wa miguu kutoka pwani. Katika msafara huo alikuwamo muuguzi Katharine Timpson, ambaye baadaye alikuwa mke wake. Mwaka huo huo walifungua hospitali ndogo kwenye kilima cha Namirembe, jengo la vifaa vya kienyeji na vitanda vichache. Jengo kubwa zaidi lililofuata lilipigwa na radi likaungua mwaka 1902, na hospitali ya matofali ikafunguliwa 1904. Albert na nduguye Jack Cook ndio waliowatambua wagonjwa wa kwanza wa malale hapa Uganda mwaka 1901, mwanzo wa janga ambalo inakadiriwa liliwaua watu zaidi ya 250,000 katika maeneo ya kandokando ya Ziwa Viktoria.

Hayo ndiyo yanayosimuliwa. Sasa tujiulize jambo la kawaida: katika hospitali ya namna hiyo, nani alipika? Hospitali za misheni za Afrika Mashariki zilikuwa na wazungu wachache mno na fedha kidogo. Mgonjwa alikuja na mtu wake, na mtu huyo alikuja na sufuria na mkeka. Sababu hazikuwa umaskini wa hospitali peke yake. Mgonjwa aliyetoka mbali hakuweza kusafiri bila wa kumshika mkono. Wengi hawakumwamini mgeni awape chakula wasichokijua mpishi wake. Na ilikuwapo pia haja ya lugha. Cook mwenyewe alijifunza Luganda na kutunga kitabu cha msamiati wa utabibu katika lugha hiyo, lakini kabla na baada ya kitabu hicho, aliyeweza kueleza homa ilianza lini na mgonjwa alikula nini alikuwa ni jamaa aliyekaa kando ya kitanda.

Nsambya ina historia inayofanana. Masista Wafransisko sita walifika hapo mwaka 1903 kutoka Uingereza, akiwamo Mwairishi Teresa Kearney, ambaye Uganda nzima ilikuja kumjua kwa jina la Mama Kevina. Inasimuliwa kwamba zahanati yao ya kwanza ilikuwa chini ya mwembe. Jambo moja katika historia hiyo lilinishangaza: kanuni za Kanisa Katoliki hazikuwaruhusu masista kufanya kazi ya ukunga hadi mwaka 1936. Ndiyo maana daktari Evelyn Connolly, aliyekuwa mlei alipoanza kazi Nsambya, alikuwa na umuhimu wa pekee katika kuwafundisha wakunga Waafrika. Kule Mengo, shule ya wakunga ya Lady Coryndon ilifunguliwa mwaka 1921. Kwa hiyo kwa miaka mingi mipaka ya nani aguse mwili wa mgonjwa iliwekwa na imani, jinsia na cheo. Palipoishia mkono ulioruhusiwa, ulianza mkono wa mama, wa nyanya na wa shangazi.

Ukitaka kuona thamani ya jamaa, angalia mahali ambapo hakuwapo. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo mfano mchungu zaidi katika eneo letu. Wapagazi wa jeshi la Kiingereza, ambao kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo, walichukuliwa kutoka makwao Uganda, Kenya na kwingineko, wakapelekwa Tanganyika. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, malaria na nimonia na si kwa risasi. Walilala katika mahema ya hospitali bila mama wala ndugu. Mwaka 1917 liliundwa jeshi dogo la wahudumu wa tiba Waafrika kutoka Uganda, wengi wao vijana waliosoma shule za misheni, ili wawahudumie wapagazi hao. Huko Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi. Naliona tukio hili kuwa muhimu kwa hoja yangu: serikali iliajiri Waafrika kuuguza pale ilipokuwa imewatenga wagonjwa na watu wao. Ambako jamaa alikuwapo, kazi ile ile ilifanywa bure na haikuandikwa.

Baada ya vita, Mulago ilikua haraka. Ilikuwa imeanza mwaka 1913 kama mahali pa kutibu magonjwa ya zinaa, ikawa hospitali kuu, na katika miaka ya 1920 mafunzo ya utabibu yakaanza hapo na Makerere. Mwaka wa uhuru, 1962, lilifunguliwa jengo jipya ambalo bado linaonekana kutoka vilima vingi vya mji. Hospitali ya namna hiyo ilifuata mfano wa Uingereza, ambako tangu zama za Florence Nightingale wodi ilikuwa milki ya muuguzi mkuu: vitanda vimenyooshwa mstari, chakula kimepikwa jikoni kwa hospitali, na jamaa huingia saa za kutazama wagonjwa kisha hutoka. Huko Uingereza hata mama wa mtoto mchanga alizuiwa kulala naye. Ilikuwa mwaka 1959 tu ambapo ripoti ya kamati iliyoongozwa na Harry Platt ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao wakati wote, na mama alazwe na mtoto inapofaa.

Hapa Kampala mfano huo haukuweza kumtoa mama wodini, na jambo hilo likaja kuwafaa madaktari wenyewe. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Mulago walishughulika sana na utapiamlo wa watoto, hasa kwashiakoo. Tiba ya hospitali ilikuwa unga wa maziwa yaliyoondolewa mafuta. Mtoto aliyepona alirudi nyumbani ambako maziwa hayo hayakuwapo, na wengine walirudi tena wodini. Mwaka 1965 ulianzishwa mpango ulioitwa Mwanamugimu, jina lililotokana na methali ya Kiganda isemayo kwamba mtoto mwenye afya hutokana na mbeleko. Mama alikaa na mtoto wake, akapika mwenyewe chakula cha mchanganyiko kiitwacho kitobero, kwa ndizi, maharage, njugu na vitu vingine vinavyopatikana sokoni na shambani, akamwona mtoto akinenepa kwa mkono wake. Kwa mara ya kwanza mwangalizi wa mgonjwa aliingizwa katika tiba kama mtaalamu anayefunzwa, badala ya kuvumiliwa kama mgeni anayejaza varanda. Kitengo cha Mwanamugimu kipo Mulago hadi leo.

Miaka iliyofuata ilimwongezea jamaa mzigo. Waasia walifukuzwa mwaka 1972, madaktari wengi wakaondoka nchini, na vita pamoja na uhaba vikafanya dawa, chakula na hata maji ya hospitali kuwa ya kubahatisha. Kisha ukaja Ukimwi, ambao kwanza watu waliuita slimu kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa. Wodi zilijaa watu ambao hospitali haikuwa na dawa ya kuwaponya, na majirani wengine waliogopa hata kuwapa maji. Katika hali hiyo mume wa Noerine Kaleeba, Christopher, aliugua akiwa masomoni Uingereza. Noerine alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia pale Mulago. Alimuuguza mumewe huko, kisha hapa nyumbani, hadi alipofariki Januari 1987. Mwaka huo huo yeye na wenzake walioguswa na ugonjwa huo waliunda TASO. Aliyekuwa mtumishi wa hospitali alikaa upande wa pili wa kitanda, akaujua upungufu kutoka pande zote mbili.

Mwaka huo wa 1987 Nsambya nayo, chini ya Sista daktari Miriam Duggan, ilianzisha huduma ya kuwafuata wagonjwa wa Ukimwi majumbani. Miaka sita baadaye, mwaka 1993, daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda katika nyumba ndogo aliyoazimwa katika eneo la Nsambya, kabla ya kuhamia Makindye. Kituo hicho kilitumia mofini ya maji, dawa ya maumivu makali ambayo mgonjwa anaweza kunywa akiwa kwake. Mipango yote hii ilikubali jambo moja: mgonjwa mahututi hutunzwa na watu wake, basi afadhali watu hao wafundishwe, wapewe dawa na watembelewe.

Hali ya sasa naieleza kwa niliyoyaona. Wodi ya shangazi ilikuwa na vitanda vingi kuliko nafasi, na usiku muuguzi alikuwa mmoja, akisaidiwa na mwanafunzi. Saa 11 alfajiri tulianza kuchota maji kwa madumu. Saa 12 kila mwangalizi alimwosha mtu wake na kutandika shuka aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Baada ya hapo mikeka ilikunjwa, beseni zikasukumwa chini ya vitanda, tukatolewa nje ili madaktari wapite. Waliporudi kutuita, kila mmoja alipokea karatasi ya vitu vya kutafuta: glavu, kanula, dripu, kipimo cha kupeleka maabara. Ni kweli kwamba mwaka 2001 serikali ilifuta malipo katika hospitali zake, isipokuwa wodi za kulipia. Lakini kitu kikiisha stoo, mwenye miguu ya kukitafuta ni jamaa. Mchana ulikuwa wa jiko la makaa nyuma ya jengo, uji kwanza, kisha matoke au posho. Usiku tulilala sakafuni, kichwa karibu na mguu wa kitanda, ili mgonjwa akishusha mkono akuguse.

Varanda ile ilikuwa na utaratibu wake. Mama mmoja mzee kutoka Luweero, tuliyemwita Jjajja, alikuwa amekaa wiki tano akimuuguza binti yake. Yeye ndiye aliyegawa zamu za jiko na kumwonyesha mgeni namna ya kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo. Muuguzi wa zamu alimheshimu. Mara mbili nilimsikia akimwomba amfundishe binti mgeni jinsi ya kumlisha mgonjwa anayepaliwa. Hakuna faili lililoandika kazi hiyo.

Siku ya tatu aliletwa mama mmoja kutoka Kongo, mfanyabiashara wa vitenge, akiwa na homa kali na tumbo lililojaa. Muuguzi alimwuliza swali ambalo kila mgonjwa huulizwa: “Omujjanjabi wo ali ludda wa?” Mwangalizi wako yuko wapi? Mama hakuelewa. Nilipomtafsiria kwa Kiswahili alijibu kwa Kiswahili cha kwao, “Siko na mutu huku.” Hana mtu. Wodi ilinyamaza kidogo. Sote tuliokuwa pale tulijua maana ya jibu hilo: hakuna wa kupeleka damu maabara, hakuna wa kununua dripu, hakuna wa kumwinua kunywa maji usiku. Muuguzi alifanya alichoweza, naye alikuwa na wagonjwa zaidi ya 40.

Jjajja alitoa uamuzi bila kikao. Uji wake ungetoka katika sufuria zetu kwa zamu, mimi ningekuwa mdomo wake kwa madaktari, na mtoto wa shangazi yangu angepeleka sampuli zake pamoja na zetu. Fedha ya dripu ya kwanza tulichanga. Shangazi, ambaye hakuwa na nguvu hata ya kukaa, alinyoosha mkono kwenye kifundo cha leso yake, akanipa noti ya elfu tano. “Mwanangu,” aliniambia, “leo ni yeye, na mimi nisingekuwa nawe ningekuwa yeye.” Siku ya tisa mwenzake wa biashara alipata habari, akaja na mkeka na chupa ya chai. Hawakuwa hata wa kabila moja. Muuguzi alipomwuliza ni nani wa mgonjwa, alisema “dada,” na ndivyo alivyoandikwa. Siku mbili baadaye shangazi aliruhusiwa kurudi Kasese. Mama yule alikuwa ameanza kula mwenyewe.

Kisa hicho kinaweza kusomwa vibaya, kana kwamba ukarimu wa varanda unatosha na serikali ikae kimya. Sisemi hivyo. Kazi ya mwangalizi ina gharama, na kwa sehemu kubwa hulipwa na wanawake: shamba lisilopaliliwa, meza ya sokoni iliyofungwa, binti aliyeacha muhula. Msongamano wodini pia hueneza maradhi. Wakati wa korona hospitali zilipunguza waangalizi hadi mmoja kwa kila mgonjwa. Ukweli kwamba hata katika hofu ile mmoja alibakizwa unaonyesha kwamba hospitali zenyewe zinajua hazimwezi mgonjwa bila yeye. Na palipo na utaratibu unaomtegemea jamaa, asiye na jamaa ndiye anayeanguka kwanza: mkimbizi, mfanyakazi aliyetoka mbali, mzee aliyezika wanawe. Historia ya wapagazi wa 1917 na ya mama yule wa vitenge ni historia moja kwa maana hiyo.

Napendekeza mambo mawili. La kwanza ni la wanahistoria. Tunapoandika juu ya Mengo, Nsambya au Mulago, tumtafute mwangalizi katika kumbukumbu, na pale ambapo wazee waliouguza katika miaka ya vita na Ukimwi wangali hai, tukawasikilize sasa. La pili ni letu, wanafunzi wa Kiswahili. Kiswahili kiliongezwa katika katiba ya Uganda kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na wengi bado huuliza kitatumika wapi mjini Kampala ambako kinakumbukwa kama lugha ya askari. Nimeona mahali pamoja ambapo hakikuuliza ruhusa ya mtu. Mgonjwa wa Bunia, wa Arua, wa Juba na wa Kasese hukutana wodini, na kati yao na muuguzi anayezungumza Luganda na Kiingereza lazima awepo mtu wa kuvusha maneno. Vitabu vidogo vya mazungumzo ya wodini, kama kile ambacho Cook aliwatungia wenzake kwa Luganda zaidi ya karne moja iliyopita, tunaweza kuvitunga sisi.

Na tukivitunga, tuamue pia jina la yule mtu wa mkekani. Wengine humwita mwangalizi, wengine jamaa wa mgonjwa, wengine hulichukua neno la Kiingereza lilivyo. Maadamu bado analisha, anaosha na kukesha, sioni kwa nini kamusi imnyang'anye kitenzi chake. Anauguza.